Kubuni Vigunduzi vya Eksirei vyenye Uwanda Mpana kwa Vyanzo vya Mwanga Mkali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huletwa tena na tena na wanafunzi wa fizikia na elektroniki wa Arusha na Moshi, na mara nyingine na mafundi wanaotunza mashine za eksirei hospitalini. Yanaanza na ya msingi na kuishia na yale yanayowasumbua hata waliokwishazoea kazi. Jibu linapotegemea jingine, limetajwa kwa namba.

## Mambo ya msingi

1. Chanzo cha mwanga mkali ni nini, na kina tofauti gani na mashine ya hospitali?

Mashine ya hospitali hugongesha elektroni kwenye tungsteni ndani ya bomba lisilo na hewa, na eksirei hutawanyika kila upande. Sinkrotroni ni pete kubwa ambamo elektroni huzunguka kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Sumaku zikizipindisha, hutoa eksirei zilizobanwa kwenye mwale mwembamba sana. Pete ya ESRF iliyoko Grenoble, Ufaransa, ina mzingo wa mita 844. Ile ya SESAME nchini Jordan, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina mita 133.

Kisha kuna leza za elektroni huru, ambazo hazizungushi elektroni bali huzipitisha kwenye mstari mrefu ulionyooka. LCLS ya California ilianza kutoa eksirei mwaka 2009. European XFEL iliyoko Hamburg na viunga vyake ilianza kazi mwaka 2017 na ina urefu wa kilomita 3.4. Mpigo mmoja wa leza hizi hudumu chini ya femtosekunde 100 (femtosekunde ni sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde) na unaweza kubeba fotoni, yaani chembe za mwanga, zipatazo trilioni moja. Ugumu wote unaoelezwa hapa chini unaanzia kwenye mpigo huo.

2. "Uwanda mpana" maana yake nini hasa?

Ni uwiano kati ya mwanga mkubwa kabisa na mdogo kabisa ambao kigunduzi kinaweza kuupima ndani ya picha ileile. Fikiria mizani moja inayotakiwa kupima gunia la kahawa pale Moshi, na hapohapo, bila kubadilishwa, ipime kipande cha tanzanaiti cha karati moja na kutoa jibu la kuaminika kwa vyote viwili.

Tanzanaiti hiyohiyo inatupa mfano halisi. Chukua kipande kutoka Mererani ukiweke mbele ya mwale wa sinkrotroni. Kwa kuwa ni fuwele, eksirei zitarudi zikiwa madoa makali yaliyopangika, na pikseli moja ya doa inaweza kupokea maelfu ya fotoni. Katikati ya madoa kuna ukungu hafifu: fotoni moja hapa, pale hakuna kitu. Madoa yanakueleza mpangilio wa jumla wa atomi. Ukungu unakueleza atomi zinazotikisika na zile zilizokaa mahali pasipo pao. Kigunduzi kinachoona madoa peke yake kimekunyima nusu ya habari za jiwe, na kwa maoni yangu ndiyo nusu yenye mambo mapya.

3. Kwa nini tusipunguze mwanga, au tupige picha mbili kama simu zinavyofanya?

Ukipunguza mwanga ili doa kali lisifurike, ukungu unatoweka kabisa. Kuziba doa kwa kipande cha madini ya risasi kunasaidia pale unapojua doa litaangukia wapi, kwa mfano katikati, mwale wenyewe unapopita. Madoa ya fuwele huwezi kuyawahi yote.

Picha mbili zinawezekana kwenye sinkrotroni ikiwa sampuli ni ngumu na haibadiliki. Kwenye leza ya elektroni huru haziwezekani, kwa sababu mpigo unaotoa picha ndio unaoharibu sampuli. Eksirei huchukua taarifa na kuondoka kabla atomi hazijapata muda wa kusambaratika, na baada ya hapo hakuna sampuli ya kupiga tena. Kila kitu, hafifu na kikali, lazima kipimwe mara moja.

4. Je, paneli ya kidijitali ya hospitali haitoshi?

Haitoshi, ingawa ni kifaa kizuri kwa kazi yake. Paneli nyingi hugeuza eksirei kuwa mwanga wa kawaida kwanza, kwa kutumia tabaka la sizimu ayodaidi, kisha mwanga huo husomwa na silikoni. Njia hiyo inamfaa mgonjwa, kwa sababu kila pikseli hupokea fotoni nyingi na daktari hahitaji kuhesabu moja moja. Tunachotafuta hapa ni kifaa kinachotofautisha fotoni sifuri na fotoni moja, na bado kisizidiwe na fotoni 10,000.

## Hesabu ya pikseli moja

5. Fotoni moja huacha alama kubwa kiasi gani?

Katika silikoni, inahitajika nishati ya elektronivolti 3.65 hivi kuzalisha jozi moja ya elektroni na tundu, yaani nafasi inayoachwa na elektroni hiyo. Kwa hiyo fotoni ya keV 12, yaani elektronivolti 12,000, huzalisha elektroni karibu 3,300. Hesabu hii ishikwe kichwani, maana tutaitumia hadi mwisho.

Elektroni hizo hukusanywa kwenye kapasita ndogo ndani ya pikseli. Tuseme kapasita ni ya femtofaradi 50. Fotoni moja itapandisha volti kwa milivolti 10 hivi, alama ambayo amplifaya nzuri inaiona bila shida. Lakini kama nafasi ya volti tuliyonayo ni volti 1, kapasita itajaa kwa fotoni zisizofika 100.

6. Basi si tuweke kapasita kubwa?

Hili ndilo jibu la kwanza la karibu kila mwanafunzi, na inafaa alifuate hadi mwisho kwa kalamu. Fotoni 10,000 ni elektroni milioni 33, yaani pikokulombu 5.3. Kwa volti 1 tunahitaji pikofaradi 5.3. Matatizo mawili yanajitokeza papo hapo.

La kwanza ni kelele. Kila unapoifuta kapasita ili uanze upya, joto huacha kiasi cha chaji kisichotabirika. Kwa pikofaradi 5.3 katika joto la kawaida la chumba, kiasi hicho ni elektroni 900 na kidogo, zaidi ya robo ya alama ya fotoni moja. Kwa femtofaradi 50 ni elektroni 90 tu. Zipo mbinu za kupima kelele hiyo na kuitoa, lakini hata ukifaulu, fotoni moja sasa inasogeza volti kwa milivolti 0.1 tu, na kelele ya kila transista inayofuata itaimeza.

La pili ni nafasi. Kwa teknolojia inayotoa femtofaradi 1 kwa kila mikromita ya mraba, kapasita hiyo ingechukua mikromita za mraba 5,300. Pikseli ya mikromita 75 kwa 75 ina 5,625 kwa jumla. Transista utaziweka wapi?

7. Kwa hiyo haiwezekani kuona fotoni moja na fotoni 10,000 kwa pikseli ileile?

Inawezekana, na sababu yake inatoka kwa mwanga wenyewe. Fotoni hufika kwa bahati nasibu. Wastani ukiwa fotoni N, idadi unayopata hupandashuka kwa kipeuo cha pili cha N. Kwenye fotoni 10,000, mwanga wenyewe unayumba kwa fotoni 100. Hakuna faida yoyote ya kupima kiasi hicho kwa usahihi wa fotoni moja, kwa sababu usahihi huo haumo ndani ya mwanga.

Usahihi wa fotoni moja unahitajika chini kabisa, penye ukungu. Kadiri mwanga unavyoongezeka, kigunduzi kinaruhusiwa kuwa na kelele zaidi, mradi kelele yake ibaki chini ya mtikisiko wa fotoni zenyewe. Mbinu zote za swali la 9 na la 10 ni njia tofauti za kuutumia uhuru huu, na mbunifu asiyeanza na hesabu hii hupoteza miezi akipigania usahihi ambao hakuna atakayeuona.

## Njia za kupanua uwanda

8. Vigunduzi vinavyohesabu fotoni moja moja havimalizi tatizo?

Kwenye sinkrotroni vimefanya kazi kubwa mno. Pilatus, iliyobuniwa katika Taasisi ya Paul Scherrer huko Uswisi, ina pikseli za mikromita 172 na kila pikseli ina kihesabuji chake. Fotoni ikivuka kizingiti, hesabu inaongezeka moja, na kelele iliyo chini ya kizingiti haihesabiwi kabisa. Ukitaka uwanda mpana zaidi, unaongeza biti za kihesabuji.

Udhaifu wake ni kasi. Baada ya fotoni moja, pikseli inahitaji muda wa kutulia, kwa kawaida mamia ya nanosekunde au pungufu kidogo. Fotoni mbili zikija ndani ya muda huo, zinahesabiwa moja. Zikifika mamilioni kwa sekunde katika pikseli moja, hesabu inaanza kupungua kuliko ukweli. Kwenye leza ya elektroni huru mambo ni mabaya zaidi: fotoni 1,000 zinafika ndani ya femtosekunde 100, na kihesabuji kinaandika 1. Huko hakuna budi kukusanya chaji yote na kuipima kwa pamoja.

9. Kubadili ukuzaji ndani ya pikseli hufanyikaje?

Pikseli huanza na kapasita ndogo, ikiwa tayari kwa fotoni moja. Kilinganishi kinautazama mlango wa kutokea wa amplifaya muda wote. Volti ikikaribia ukomo, kilinganishi hufunga swichi na kapasita kubwa zaidi inaungwa sambamba na ile ya kwanza. Chaji iliyokwisha kusanywa haipotei. Inagawanyika kati ya kapasita mbili, volti inashuka, na kazi inaendelea. Ikikaribia kujaa tena, kapasita ya tatu inaungwa. Mwishoni pikseli hutoa vitu viwili: volti, na alama ya kueleza iliishia ngazi ipi. Kila pikseli huamua peke yake, kwa kila mpigo.

Turudi kwenye namba za swali la 6. Ile kapasita ya pikofaradi 5.3 ilikataliwa kwa sababu ya kelele ya elektroni 900, ambayo ni fotoni 0.3 hivi. Sasa tunaiunga pale tu fotoni zinapokuwa zimeshafika 80, ambapo mwanga wenyewe unayumba kwa fotoni 9. Kelele ya fotoni 0.3 hapo haionekani hata kidogo. Kapasita ni ileile; kilichobadilika ni wakati wa kuitumia.

Kigunduzi cha AGIPD cha European XFEL hufanya hivi kwa ngazi tatu na kufikia fotoni 10,000 za keV 12. JUNGFRAU ya Taasisi ya Paul Scherrer hufikia uwanda wa aina hiyo kwa pikseli za mikromita 75.

10. Kuna njia nyingine?

Zipo, na tatu zinafaa kufahamika. Kigunduzi cha LPD, kilichobuniwa Uingereza, hupitisha alama moja kwenye vikuzaji vitatu kwa pamoja, kisha huchagua kisichojaa. Hakuna swichi ya kuamua haraka, ila kuna eneo zaidi la kulipia. Pikseli zake ni mikromita 500. DSSC ya eksirei laini (za nishati ndogo) ilibuni kihisi, yaani tabaka linalonasa fotoni, cha aina ya DEPFET ambacho mwitikio wake hujikunja wenyewe: fotoni za mwanzo hupata ukuzaji mkubwa, zinazofuata hupata mdogo.

Ya tatu naipenda kwa namna ilivyofikiriwa. MM-PAD ya Chuo Kikuu cha Cornell hukusanya chaji, na kila inapofika kizingiti huondoa kiasi maalumu kinachojulikana na kuongeza moja kwenye kihesabuji. Mwishoni unazidisha idadi ya uondoaji kwa kiasi hicho, unajumlisha kilichobaki kwenye kapasita, na jibu unalo. Kwa njia hii pikseli ya mikromita 150 hupima zaidi ya fotoni milioni 40 za keV 8 katika picha moja. Lakini uondoaji unahitaji muda. Inafaa mwanga unaomiminika mfululizo kama wa sinkrotroni. Kwa mpigo wa femtosekunde, chaji yote inafika kabla uondoaji haujaanza.

11. Kwa nini pikseli za AGIPD ni kubwa kuliko za JUNGFRAU ilhali uwanda unafanana?

Kwa sababu ya kumbukumbu. European XFEL hutoa mapigo kwa makundi: makundi 10 kwa sekunde, kila moja likiwa na mapigo hadi 2,700 yaliyoachana kwa nanosekunde 220 hivi. Hakuna njia ya kutoa picha ya pikseli milioni moja nje ya chipu ndani ya muda huo. Basi kila pikseli ya AGIPD ina vyumba 352 vya kuhifadhia picha, na husomwa kundi likishapita. Vyumba hivyo ndivyo vinavyokula eneo, na pikseli ikafika mikromita 200. Hata hivyo, picha 3,520 kwa sekunde za pikseli milioni moja, kwa baiti mbili kila moja, ni zaidi ya gigabaiti 7 kila sekunde.

## Kihisi chenyewe

12. Silikoni inatosha kwa nishati zote?

Hapana. Kwa keV 12, silikoni ya mikromita 500 hunasa karibu asilimia 90 ya fotoni. Kwa keV 20 hunasa kama asilimia 40, na juu ya hapo inazidi kuwa dirisha tupu. Kwa nishati kubwa hutumika kadimiamu teluraidi au galiamu asenaidi. Zinanasa vizuri, ila fuwele zake hazina usawa wa silikoni, na baadhi hubadilika tabia kadiri zinavyoendelea kupigwa mwanga. Ushauri wangu kwa anayeanza: jifunze kwa silikoni kwanza, ujue kosa ni la chipu yako na si la fuwele.

13. Mionzi haiharibu kigunduzi?

Huharibu, polepole. Fotoni ya keV 12 haina nguvu ya kuhamisha atomi ya silikoni, hivyo ndani ya kihisi hakuna shida kubwa. Shida iko kwenye tabaka za oksaidi, ambako chaji hunaswa na kubaki, mkondo wa kuvuja huongezeka, na transista hubadili tabia. Kihisi cha AGIPD kilibuniwa kwa lengo la kustahimili gigagrei 1 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Chipu iliyo nyuma yake inakingwa kwa sehemu na kihisi chenyewe, na mbunifu huongeza kinga kwa kuchora transista zenye umbo la pete mahali penye hatari zaidi.

14. Kwa nini doa kali sana huonekana limevimba?

Maelfu ya fotoni yakinaswa mahali pamoja kwa wakati mmoja, wingu la chaji huwa zito kiasi kwamba uga wa umeme haulipenyi. Chaji husukumana na kutawanyika kwenda pikseli za jirani, na huchelewa kufika. Dawa ni kuongeza volti ya kihisi, mara nyingi hadi mamia kadhaa, ili wingu livutwe kabla halijatanuka. Programu haiwezi kulirekebisha hili kikamilifu baadaye, hivyo kihisi kichaguliwe kikiwa na uwezo wa kustahimili volti hizo tangu mwanzo.

## Kalibresheni na kesi ngumu

15. Kalibresheni ni kubwa kiasi gani?

Kalibresheni ni kupima kila pikseli ili alama yake iweze kugeuzwa kuwa idadi ya fotoni, na ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Pikseli milioni moja, vyumba 352, ngazi tatu: viwango vya giza (alama inayotolewa bila mwanga wowote) peke yake vinapita bilioni moja, na bado hujagusa ukuzaji.

Ngazi ya juu, yenye ukuzaji mkubwa na kapasita ndogo, ni rahisi. Pigisha eksirei za bomba kwenye bamba la shaba, nalo litatoa fotoni za keV 8.05. Chora idadi dhidi ya alama, utaona vilele vya fotoni sifuri, moja, mbili, na umbali kati yake ndio ukuzaji. Ngazi za chini ni ngumu kwa sababu bomba la maabara halina nguvu ya kuzifikia. Hapo hutumika vyanzo vya mkondo vilivyojengwa ndani ya chipu, au mpigo wa leza ya infraredi. Asiyeviweka vyanzo hivyo wakati wa kuchora chipu hawezi kuviongeza baadaye.

16. Pikseli iliyo mpakani mwa ngazi mbili isomwe vipi?

Kwa tahadhari. Alama ya ngazi ikisomwa vibaya, kosa linaweza kuwa makumi ya mara. Chora mgawanyo wa pikseli nyingi kuzunguka mpaka. Ukiona pengo au nundu, viwango vya giza vya ngazi ya pili haviko sawa. Usilainishe nundu kwa programu. Rudi swali la 15.

17. Eneo lote linashuka pale doa kali linapotokea mbali. Kwa nini?

Pikseli nyingi zikibadili ngazi kwa pamoja, umeme wa chipu hutetereka na kiwango cha giza cha majirani huteleza. Acha pikseli chache zilizofunikwa zisizopata mwanga, upime mtelezo kwazo, kisha uutoe.

## Kwa aliyeko Arusha au Moshi

18. Naweza kubuni kitu cha namna hii nikiwa hapa?

Ndiyo. Maabara zilizotajwa hapo juu hazitengenezi chipu zenyewe. Huchora na kupeleka kiwandani. Mchoro wa pikseli ya swali la 9 unaweza kuigwa kwa ngspice, programu ya bure, kwenye kompyuta ya kawaida. Safari ya fotoni ndani ya silikoni inaigwa kwa Geant4 au Allpix Squared, nazo ni za bure. Kanuni za uchoraji za teknolojia ya nanomita 130 ya kiwanda cha chipu cha SkyWater zilifunguliwa kwa umma mwaka 2020. Mwanafunzi wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru anaweza kumaliza mchoro kamili wa pikseli bila kupanda ndege. Kwa muda wa kupima kwenye sinkrotroni, fuatilia mpango wa LAAAMP unaosaidia watafiti wa Afrika, pamoja na juhudi za African Light Source za kujenga chanzo barani kwetu.

19. Nahitaji kibali kutumia bomba dogo la eksirei maabarani?

Ndiyo, hata liwe dogo vipi. Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003 inaiweka kazi hiyo chini ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, ambayo ina ofisi Njiro. Nenda kabla ya kuagiza kifaa. Nimeona vifaa vikikaa bandarini kwa sababu mtu aliona kibali ni jambo la mwisho.

20. Umeme ukikatika katikati ya kipimo nifanye nini?

Kihisi chenye volti mamia hakipendi kuzimwa ghafla, kwa hiyo chanzo cha volti hizo kiwe kwenye betri ya akiba inayotosha kuzishusha taratibu kwa dakika chache. Umeme ukirudi, usianze kupima mara moja. Subiri joto la chipu lirudi lilipokuwa, maana viwango vya giza na mkondo wa kuvuja hufuata joto. Piga upya picha za giza kwa ngazi zote tatu, uzilinganishe na za asubuhi, na data ya kabla na baada ya kukatika uihifadhi kwenye mafaili tofauti, kila faili na picha zake za giza.